Sura ya Tano: Michelangelo na Raffaello, Pacha Waliochelewa

Mwezi wa Oktoba 1958 ndege za jeti zilianza kuchukua abiria kuvuka bahari ya Atlantiki, kwanza za Waingereza na muda mfupi baadaye za Wamarekani, na safari iliyokuwa ikimweka msafiri baharini siku nyingi ikawa ya saa zisizotimia kutwa moja. Mwaka huohuo, katika mji wa Genoa, shirika la merikebu lililoitwa Italia, ambalo lilikuwa mali ya dola, lilikuwa katika mashauri ya kuunda merikebu mbili za abiria kubwa kupita zote zilizoundwa nchini humo tangu kwisha kwa Vita Vikuu vya Pili. Habari za jeti hazikuwa siri kwa wakubwa wa shirika. Walizisoma magazetini kama watu wengine, na bila shaka baadhi yao walisafiri kwa ndege hizo. Hata hivyo, tarehe 8 Septemba 1960 mkuku wa merikebu ya kwanza ulilazwa, na katika mwaka wa 1965 merikebu hizo mbili, Michelangelo na Raffaello, zilianza safari zao zikiwa na uzuri, nguvu na fahari, zikapungukiwa na jambo moja tu, nalo ni abiria wa kutosha kuzijaza.

Sura hii yaeleza maisha yao, yaliyokuwa ya miaka kumi peke yake ilhali merikebu ya namna ile hutazamiwa kutumika miaka thelathini. Desturi ya wasimulizi ni kusema kwamba ziliuawa na ndege, wakaishia hapo. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haitoshi, maana zipo merikebu zilizozaliwa baada yao zikaishi na ndege hizohizo kwa miongo mingi. Atakaye kujua sababu ya mauti yao hana budi kuzikagua ramani zao, sitaha kwa sitaha, na kuuliza kila chumba kilikusudiwa kumlaza nani.

Kwa vizazi viwili kabla ya hapo, bahari ilikuwa kwa Mwitalia maskini ndiyo njia ya riziki. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 mamilioni ya watu waliondoka katika bandari za Genoa na Napoli, wengine wakielekea New York, wengine Buenos Aires na Santos, na makampuni ya merikebu yakatajirika kwa nauli ndogondogo za watu wengi waliolazwa chini, karibu na mashine, hali matajiri wachache wa sitaha za juu wakiipa merikebu sifa. Mwaka wa 1924 Marekani ilifunga mlango kwa sheria iliyoweka kiwango kidogo cha wageni wa kila taifa, na biashara hiyo ikaanguka. Mwaka wa 1932 makampuni makubwa ya Italia yaliunganishwa kwa amri ya serikali ya wakati ule, likazaliwa Shirika la Italia, na merikebu mpya mbili, Rex na Conte di Savoia, zikawekwa mbele ya ulimwengu kama nembo za dola. Rex iliwahi kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi mnamo Agosti 1933 kwa kasi iliyozishinda zote zilizotangulia, na kwa muda wa miaka miwili hivi sifa ya kwenda mbio kuliko wote ilikuwa ya Waitalia.

Vita vilifutilia mbali fahari hiyo. Conte di Savoia iliungua karibu na Venice mwaka wa 1943, na mwezi Septemba 1944 ndege za Waingereza ziliishambulia Rex ikiwa imefichwa karibu na pwani katika bahari ya Adriatiki, ikalala ubavu na kuwaka moto. Katika merikebu kubwa za abiria zilisalia nne tu zilizofaa kurejeshwa kazini, zote zikiwa zimetumiwa na Wamarekani wakati wa vita, nazo ni Saturnia, Vulcania, Conte Biancamano na Conte Grande. Kwa hiyo Italia iliyoshindwa, yenye njaa na miji iliyobomoka, ilipoanza tena kuunda merikebu nzuri, kila iliyoshuliwa majini ilipokewa kama ushahidi kwamba taifa limefufuka. Andrea Doria ilianza safari mwezi Januari 1953, na ndugu yake Cristoforo Colombo akafuata mwaka wa 1954. Hazikuwa kubwa kupindukia wala hazikushindana kwa kasi. Sifa yao ilikuwa kazi za mikono ya wachoraji na wachongaji, zilizowafanya wasafiri wazione kama majumba ya sanaa yanayoelea.

Lakini usiku wa tarehe 25 Julai 1956, karibu na kisiwa cha Nantucket, Andrea Doria ikiwa njiani kuelekea New York chini ya nahodha Piero Calamai iligongwa ubavuni katika ukungu na Stockholm, merikebu ya Waswidi, ikazama asubuhi ya siku ya pili. Watu 51 walikufa katika merikebu zote mbili, na wengi zaidi waliokolewa kwa sababu haikuzama upesi, na kwa sababu Ile de France ya Wafaransa iligeuza njia ikarudi kuwachukua. Mahali pa Andrea Doria palijazwa na Leonardo da Vinci mwaka wa 1960. Msiba huo haukulivunja moyo shirika. Ulilitia ari, na ari ya namna hiyo aghalabu huandamana na upofu, kwani mwenye kutaka kuonyesha kwamba hakushindwa hana nafasi ya kuuliza kama mashindano yenyewe bado yapo.

Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki wataikumbuka zaidi kampuni nyingine ya dola hiyohiyo, Lloyd Triestino ya mji wa Trieste, ambayo mwaka wa 1952 ilileta katika njia ya Mombasa na bandari nyingine za pwani hadi Afrika Kusini merikebu zake mbili nyeupe, Africa na Europa. Lloyd Triestino na Shirika la Italia yalikuwa chini ya mwavuli mmoja wa serikali ulioitwa Finmare, na hazina iliyofidia hasara ya njia za New York ndiyo iliyofidia ya njia za Bahari ya Hindi. Jambo hili lafaa kukumbukwa, maana bila ya kujua kwamba mlipaji alikuwa dola, uamuzi wa kuunda Michelangelo na Raffaello hauwezi kufahamika.

Sababu iliyotajwa rasmi ilikuwa uzee wa Saturnia na Vulcania, zilizozaliwa katika miaka ya 1920, na ambazo kweli zilistahili kupumzishwa. Chini ya sababu hiyo palikuwa na nyingine zenye uzito zaidi. Viwanda vya kuundia merikebu vya Genoa na Trieste vilikuwa na maelfu ya wafanyakazi, vyama vyao vilikuwa na nguvu, na hapakuwa na waziri aliyetaka kusimama mbele yao kuwaambia kwamba hakuna kazi. Mabaharia nao walikuwa na hoja yao, kwani merikebu kubwa huajiri watu wengi. Ndipo tunda likagawanywa kwa mizani ya siasa, merikebu ya kwanza ikapewa kiwanda cha Ansaldo huko Sestri Ponente, kando ya Genoa, na ya pili ikapewa kiwanda cha San Marco huko Trieste, ili bahari mbili za Italia zisioneane wivu. Hivyo zikawa pacha zilizolelewa na mama wawili, zikifanana umbo na kutofautiana mapambo.

Michelangelo ilishuliwa majini tarehe 16 Septemba 1962 na Raffaello tarehe 24 Machi 1963. Urefu wao ulikuwa karibu mita 276, upana takriban mita 31, na kila moja ilipimwa kwa tani za ujazo zisizopungua 45,900. Mashine zao za mvuke ziliziwezesha kwenda kwa urahisi mwendo wa maili za baharini 26 na nusu kwa saa. Umbo lao lilikuwa jembamba, jeupe kutoka omo hadi tezi, na sitaha za nyuma zilishuka ngazi kwa ngazi kuelekea shetri ili kuyapa nafasi mabwawa ya kuogelea, ambayo kwa jumla yalikuwa sita. Hata wale waliobisha kwamba hazikuhitajiwa hawakubisha kwamba zilipendeza.

Kilichowashangaza watu zaidi kilikuwa ni dohani zao. Merikebu za zamani zilikuwa na dohani nene za mviringo, na kila mtu aliyewahi kukaa sitaha ya nyuma ajua adha yake, kwani upepo ukizuiwa na dohani huzunguka nyuma yake, ukauvuta moshi chini na kuwamwagia abiria masizi. Wahandisi wa Italia walilipeleka jambo hili katika Chuo cha Ufundi cha Turin, wakafanya majaribio ya vielelezo vidogo katika chumba cha kuvumishia upepo, na matokeo yake yakawa dohani mbili zisizo na mfano. Bomba la moshi lilisimama katikati likizungukwa na fito za chuma zilizosukwa kama tenga, upepo ukapita baina ya fito bila kizuizi. Na juu kabisa likawekwa bapa pana lenye umbo la bawa, la kuusukuma moshi mbali na sitaha. Watu wa jadi walicheka, wakasema merikebu zimevishwa vizimba vya ndege. Lakini vizimba hivyo vilifanya kazi iliyokusudiwa, sitaha za nyuma zikawa safi, na fikira ya kuupisha upepo katika dohani ikaendelea kutumiwa na waundaji wa merikebu waliofuata.

Sasa na tuingie ndani. Kila merikebu ilichukua abiria 1,775 waliogawanywa katika madaraja matatu: 535 daraja la kwanza, 550 la kati, na 690 la watalii, ambalo jina lake lilikuwa la adabu, maana waliokusudiwa hasa ni wahamiaji na jamaa zao. Mabaharia na watumishi walikuwa 720. Kwa madaraja matatu palitakiwa kumbi za kulia za namna tatu, baraza za kupumzikia za namna tatu, sitaha za kutembelea za namna tatu, na milango na ngazi za kuwatenga watu wasichanganyike. Nafasi kubwa ya merikebu ililiwa na utenganisho huu, na gharama kubwa ya watumishi pia. Msanifu Nino Zoncada na wenzake walizipamba kumbi za Michelangelo kwa ladha mpya ya wakati ule, yenye mistari mirefu na rangi zilizotulia, na kila chumba cha abiria, hata cha nauli ndogo kabisa, kilikuwa na maliwato yake na hewa iliyopozwa kwa mashine, jambo ambalo abiria wa zamani wa sitaha za chini asingeweza hata kuliota.

Lakini vyumba vya sitaha za chini za abiria havikuwa na madirisha. Ubavu wa merikebu katika sehemu hiyo ulikuwa bamba tupu la chuma, na mtu aliyelala nyuma yake alivuka bahari ya Atlantiki kwa muda wa juma zima pasina kuiona kutoka chumbani mwake, akijua kwamba kumekucha kwa kutazama saa. Wahandisi walikuwa na hoja zao, miongoni mwao nguvu za mwili wa merikebu na kupoza hewa kwa mashine, na hoja hizo zaweza kuwa sahihi zikitazamwa peke yake. Hata hivyo, katika ramani ile yasomeka dhana moja juu ya binadamu, kwamba mhamiaji ni mtu atakaye kufika tu, na kwamba bahari kwake ni umbali wa kuvukwa. Maadamu amepewa kitanda, chakula na maji, hana haja ya kutazama nje. Dhana hiyo ilikuwa kweli mwaka wa 1910. Mwaka wa 1965 mtu aliyetaka kufika tu alikuwa na ndege, na aliyebaki kuchagua merikebu alikuwa ni yule atakaye kuona bahari. Kwa hiyo shirika lilikuwa limeunda mamia ya vitanda kwa ajili ya abiria aliyekwisha kuondoka, na mahali ambapo abiria wa siku zijazo hatakubali kulala.

Michelangelo iliondoka Genoa kwa safari yake ya kwanza ya New York tarehe 12 Mei 1965, na Raffaello ikafuata tarehe 25 Julai. Mwanzo wao haukukosa taabu. Michelangelo ilitikisika upande wa tezi kwa mtetemo uliowaudhi abiria, hata ikabidi mwishoni mwa mwaka irudishwe chelezoni ikafungwe rafadha mpya. Raffaello nayo, kabla ya kutimiza miezi minne, ilipatwa na moto katika chumba cha mashine, ikarejea Genoa ikiendeshwa na rafadha moja. Hizo ni taksiri za kawaida za chombo kipya, na zote zilitengenezeka.

Lililotokea tarehe 12 Aprili 1966 halikuwa la kawaida. Michelangelo ilikuwa katikati ya Atlantiki katika safari ya New York, tufani imeikabili kwa muda mrefu, na nahodha amepunguza mwendo. Asubuhi hiyo wimbi moja lililoyapita mengine yote liliinuka mbele ya omo, merikebu haikuwahi kupanda juu yake, na maji yakaangukia ukuta wa mbele wa majengo ya juu ya sitaha kwa nguvu zisizokadirika. Vioo vinene vilivyokuwa takriban mita 24 juu ya usawa wa bahari vilivunjika. Ukuta uliojengwa kwa alumini ulibonyea na kupasuka, bahari ikaingia katika vyumba vya daraja la kwanza vilivyoelekea mbele, ambavyo kwa ajili ya mandhari yake vilihesabiwa miongoni mwa vyumba bora. Abiria wawili walikufa papo hapo na baharia mmoja akafa baadaye kwa majeraha, na watu makumi kadhaa waliumia. Merikebu haikuwa katika hatari ya kuzama. Iliendelea na safari yake ikafika New York na jeraha wazi usoni. Alumini ilikuwa imependelewa kwa wepesi wake, ili uzito wa juu upungue na merikebu isiyumbe. Baada ya ajali hiyo sehemu ya mbele ilijengwa upya kwa chuma cha pua, na wenye merikebu nyingine zilizokuwa na ukuta wa namna ile wakaingiwa na tashwishi, wakaziimarisha zao.

Wimbi lile liliishambulia Michelangelo mara moja, lakini hesabu za fedha ziliishambulia kila mwezi. Mwaka uleule wa 1965, tarehe 3 Oktoba, Rais Lyndon Johnson wa Marekani alitia saini sheria mpya iliyofuta viwango vya mataifa vya mwaka wa 1924, na mlango uliofungwa kwa miaka arobaini ukafunguliwa tena. Lau ungalifunguliwa miaka kumi kabla, merikebu za Genoa zingalifaidi. Ulipofunguliwa sasa, ndugu aliyetangulia New Jersey angeweza kumpelekea mdogo wake tikiti ya ndege. Isitoshe, Italia yenyewe ilikuwa imebadilika. Viwanda vya Turin na Milano vilikuwa vikiwavuta watu wa kusini kwa maelfu, na wengine walikwenda Uswisi na Ujerumani, na wote hao waliondoka kwa gari la moshi. Bahari haikuwa tena njia ya riziki ya Mwitalia maskini.

Merikebu yenye mabaharia 720 huwalisha na kuwalipa 720, iwe imejaa au iwe na abiria mia nne. Katika majira ya baridi, Atlantiki inapochafuka, kumbi za madaraja matatu zilibaki na watumishi wengi kuliko wageni. Migomo ya mabaharia nayo ikawa mingi katika miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa 1970, na abiria aliyekwisha kungoja gatini siku mbili kwa sababu ya mgomo hakurudi tena. Bandubandu humaliza gogo. Kila mwaka serikali ilifidia hasara, na kila mwaka hasara iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwishoni mwa 1973, merikebu mbili zenye mashine za mvuke za kwenda mbio zikawa mzigo ambao hata hazina ya dola haikuweza kuubeba bila kuulizwa. Mwisho wa mwaka wa 1974 bunge la Italia lilipitisha sheria ya kuzipanga upya kampuni za Finmare, ambayo ilikuwa pia hukumu ya safari za abiria za mbali.

Yafaa hapa kuuliza kwa nini hazikugeuzwa kuwa merikebu za matembezi, zipelekwe visiwa vya Karibi majira ya baridi kuwaburudisha watalii. Jaribio lilifanywa, zikatumwa safari kadhaa za namna hiyo, na wengi waliosafiri nazo walizisifu. Tatizo lilirudi palepale kwenye ramani. Mtalii wa Karibi hataki kuambiwa kwamba ukumbi ule ni wa daraja jingine. Hataki kulala nyuma ya bamba tupu. Na bandari nyingi za visiwani hazikuwa na kina cha kupokea chombo kilichozama maji ya zaidi ya mita kumi. Waingereza walioanza kuiunda Queen Elizabeth 2 mwaka wa 1965, mwaka pacha zilipoanza kazi, walikuwa wameyatafakari mambo hayo. Waliiunda iwe ya Atlantiki wakati wa joto na ya matembezi wakati wa baridi, wakapunguza madaraja, wakavipa vyumba vyake vingi madirisha. Na merikebu hiyo iliyoanza safari mwaka wa 1969 ilidumu kazini hadi 2008. Ndege walizokabiliana nazo Waingereza zilikuwa zilezile. Kilichotofautiana ni swali walilojiuliza kabla ya kulaza mkuku.

Raffaello ilikomeshwa mwezi Aprili 1975, na Michelangelo ikaifuata katikati ya mwaka huo. Zote mbili zikapelekwa kutia nanga karibu na La Spezia, zikakaa ubavu kwa ubavu bila ya kazi. Leonardo da Vinci ilifunga safari za New York mwaka wa 1976, na kwa kufunga huko njia iliyowachukua mamilioni ya Waitalia ikabaki katika vitabu. Wanunuzi walikuja La Spezia wakazikagua, wakapiga hesabu za kubomoa vyumba na kutoboa madirisha, wakaona gharama yake haina faida, wakaondoka.

Aliyezinunua mwishowe ni Shah wa Iran. Mwezi Desemba 1976, kwa bei iliyokuwa sehemu ndogo sana ya gharama ya kuziunda, serikali yake ilizitwaa ziwe makazi ya wanamaji wake, aliokuwa akiwazidisha kwa haraka kwa fedha za mafuta. Mwaka wa 1977 Michelangelo ilikwenda Bandar Abbas na Raffaello ikaenda Bushehr, na baadhi ya Waitalia wakabaki humo kuzitunza. Bandari hizo si ngeni katika tarehe ya watu wa pwani yetu: Bandar Abbas ilikuwa mikononi mwa masultani wa Oman kwa kukodiwa na Waajemi tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi 1868, na majahazi ya Ghuba yalikuwa yakija Lamu, Mombasa na Unguja kwa pepo za kaskazi kabla ya Genoa kujua mashine ya mvuke. Huko zilikoishia, merikebu hizi zilikaa kama nyumba za kupanga. Kwa mara ya kwanza vyumba vyao visivyo na madirisha vilipata wapangaji wasiokuwa na hiari ya kukataa, maana askari hulala alikoamriwa.

Mapinduzi ya 1979 yalimwondoa Shah, na waliotawala baada yake hawakuwa na haja ya majumba ya Kiitalia yanayoelea. Vita na Iraq vilipoanza mwaka wa 1980, Bushehr ikawa shabaha, na katika miaka ya mwanzo ya vita hivyo Raffaello ilishambuliwa ikazama katika maji mafupi karibu na bandari. Pacha yake ilinusurika vita, ikazidi kuchakaa katika joto na chumvi, na mwaka wa 1991 ikavutwa hadi ufuko wa Gadani nchini Pakistan, ambako wavunjaji huziburuta merikebu mchangani na kuzikata vipandevipande. Chuma chake kiliuzwa kwa uzito.

Je, waliozijenga walikuwa wapumbavu? Mwandishi wa sura hii haoni hivyo. Waziri aliyeidhinisha fedha alinunua kwa fedha hizo miaka kadhaa ya amani viwandani. Na kwamba amani hiyo ilikuwa na thamani ilionekana mwezi Oktoba 1966, serikali ilipotangaza mpango wa kukifunga kiwanda cha San Marco, kilichoiunda Raffaello, na watu wa Trieste wakatoka mabarabarani kwa ghasia. Seremala, mchomeleaji na fundi wa mabomba walilipwa ujira wao kwa miaka minne au mitano, wakasomesha watoto. Faida hizo hazikuandikwa katika daftari la shirika la merikebu, lakini zilikuwa faida.

Kosa lilikuwa jingine, nalo lastahili kutajwa waziwazi kwa kuwa laweza kufanywa na serikali yoyote, iwe inajenga merikebu, reli au uwanja wa ndege. Dola ikikusudia kutoa kazi, na itoe kazi. Lakini haikulazimika kutoa kazi ya kuunda kitu cha jana. Fundi yuleyule wa Sestri aliyepigilia bamba tupu angeweza kulipwa ujira uleule kwa kukata dirisha ndani yake. Kuta zilezile zilizotenga madaraja matatu zingeweza kuachwa zisijengwe. Fedha zingetumika vilevile, wafanyakazi wangelipwa vilevile, na merikebu ingebaki na maisha baada ya mhamiaji kuondoka. Hilo halikufanyika kwa sababu walioshauriana walihesabu ajira, tani, kasi na heshima ya taifa, na katika hesabu hiyo ndefu hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kumhesabu abiria.